Magokoro na Mjukuu: Nafasi ya Chinsoni katika Uhakiki wa Masimulizi ya Wagusii

Utangulizi

Mwaka 1968, katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walitoa waraka uliodai kwamba fasihi ya Kiafrika, ikiwemo fasihi simulizi, iwekwe kitovuni mwa masomo ya fasihi. Tangu hapo wanafunzi wengi wametumwa vijijini kukusanya ngano, na aghalabu mwanafunzi huanzia kwao, kwa nyanya au babu yake. Lakini katika tasnifu inayotokana na safari hiyo, nyanya hugeuka kuwa fanani, mjukuu hugeuka kuwa mtafiti, na ujamaa wao hautajwi tena. Makala haya yanashikilia kwamba katika masimulizi ya Wagusii wa Nyamira na Kisii ujamaa huo ni sehemu ya matini yenyewe, na kwamba mhakiki anayeuondoa huishia kuhakiki matini nyingine.

Chinsoni na uhuru wa kusema

Mulokozi, katika makala yake "Tanzu za Fasihi Simulizi" yaliyochapishwa katika Mulika mwaka 1989, alitukumbusha kwamba utanzu wa fasihi simulizi haueleweki nje ya fanani, hadhira, mahali na wakati wake. Wahakiki wengi wameukubali msimamo huo. Hata hivyo, tunapofika kwenye hadhira tunaridhika kutaja umri na jinsia, kana kwamba watoto wote wanaoketi mbele ya fanani ni wamoja.

Kwa Wagusii hawawi wamoja. Jamii hii ina kanuni za heshima ziitwazo chinsoni. Neno hili halimtatizi msomaji wa Kiswahili, maana soni kwetu nayo ni haya. Kanuni hizo, ambazo Philip Mayer na baadaye Robert na Barbara LeVine walizieleza kwa kirefu, hutenganisha vizazi viwili vinavyofuatana. Baba na mwanawe hawazungumzi mambo ya mwili wala hawatamki maneno ya mzaha mbele ya mmoja wao. Kizazi cha tatu, kinyume chake, hufunguliwa mlango. Magokoro, yaani nyanya, na sokoro, yaani babu, hutaniana na wajukuu wao kwa uhuru ambao wazazi hawana. Kwa hiyo yapo mambo ambayo mtoto hawezi kuyasikia kwa adabu isipokuwa kutoka kwa kizazi hicho. Emegano inayosimuliwa na magokoro, pamoja na matusi yake mepesi, kejeli yake juu ya ndoa na maswali yake ya uchokozi kwa msikilizaji, inategemea ruhusa hiyo. Mzazi akiisimulia, ama ataipunguza ama atavunja mwiko.

Mighani ya Moraa na Otenyo

Tuchukue mfano unaojulikana. Mnamo Januari 1908, Otenyo alimchoma mkuki Northcote, afisa wa utawala wa Kiingereza katika nchi ya Wagusii. Northcote alipona, na baadaye, kuanzia 1937 hadi 1941, alikuwa gavana wa Hong Kong. Wagusii waliadhibiwa kwa msafara wa kijeshi mwaka huohuo wa 1908. Katika hati za serikali hili ni tukio la utawala. Katika masimulizi ya Wagusii ni habari ya Moraa, mganga na mwonaji wa Kitutu, eneo ambalo leo limegawanyika kati ya kaunti za Kisii na Nyamira. Northcote mwenyewe amefinyangwa na ulimi wa Ekegusii akawa Nyarigoti. Masimulizi hayaafikiani kuhusu ujamaa wa Moraa na Otenyo, lakini huafikiana juu ya jambo moja: mwanamke mzima aliwatia vijana haya hata mmoja wao akashika mkuki.

Wahakiki wameisoma mighani hii kama historia ya upinzani, na usomaji huo una haki yake. Lakini tuitazame inaposimuliwa na mwanamke mzee kwa kijana wa ukoo wake. Hapo kisa na utendaji hufanana. Magokoro anashika nafasi ya Moraa, mjukuu anashika nafasi ya Otenyo, na kejeli iliyomchoma shujaa inamlenga msikilizaji. Swali la ngano, yaani nani atathubutu, linabaki wazi chumbani baada ya ngano kwisha. Andika kisa hichohicho bila mjukuu, nawe utabaki na wasifu wa shujaa aliyekufa.

Mashine na hadhira isiyoonekana

Yupo atakayepinga kwamba tukimwingiza mtafiti katika matini tunaifanya taaluma kuwa kumbukumbu za nyumbani. Hoja hii ina uzito, na ingesimama kama kuondoka kwa mjukuu kungetuachia matini safi. Hakutuachii. Magokoro anapoona kinasasauti, au siku hizi simu, anajua kwamba maneno yake yatasikiwa na wengine, na huenda miongoni mwao wakawemo mwanawe na mkwewe. Hao ndio hasa anaopaswa kuwatunzia chinsoni. Basi hujitengeneza: hukwepa utani, hufupisha, huongeza funzo mwishoni. Nasi tukiisha kuinukuu kanda tunahitimisha kwamba ngano za Wagusii ni za kimaadili mno, ilhali maadili hayo tumeyaleta sisi pamoja na mashine.

Hitimisho

Pendekezo letu ni jepesi kutamka na gumu kutekeleza. Kila mkusanyiko wa ngano ueleze msikilizaji ni nani kwa fanani, maswali yake na vicheko vyake vinukuliwe katika nafasi zake, na yale yaliyosemwa baada ya mashine kuzimwa yatajwe kuwa yalikuwepo, hata pale ambapo adabu inakataza kuyachapisha. Wasimamizi wa tasnifu nao waache kufuta maneno ya mjukuu kwa kisingizio cha usayansi. Wazee waliolelewa ndani ya chinsoni wanapungua. Ngano zao zinaweza kuokolewa na yeyote mwenye kalamu, lakini namna walivyozisema kwa wajukuu itaokolewa na wajukuu peke yao.