Jangili hatekelezi uvamizi, anavamia

KITENZI ‘tekeleza’ kinateswa sana siku hizi, hasa katika taarifa za wizi wa mifugo. Msikilizaji wa redio Isiolo ameshazoea kuambiwa kwamba majangili ‘walitekeleza uvamizi’ Burat au Ngaremara, ‘wakatekeleza mauaji’ kisha wakatoweka na mifugo.

Chanzo ni Kiingereza. Vitenzi ‘perform’, ‘execute’ na ‘carry out’ havibagui. Daktari ‘performs’ upasuaji, karani ‘executes’ amri ya mahakama, na hiyo ‘carry out’ hubeba chanjo ya mbuzi sawa na inavyobeba mauaji. Mwanahabari anayefasiri mbiombio hunyakua ‘tekeleza’, akaenda zake.

Lakini ‘tekeleza’ hudai kitu kilichotangulia: ahadi, agizo, wajibu, sheria au mpango. Kutekeleza ni kukitimiza. Kiongozi aliyeahidi wakazi wa Merti kisima, akakichimba, huyo ametekeleza. Jangili naye alimwahidi nani? Ukisema ametekeleza, umemvika joho la mtumishi aliyemaliza kazi yake, na mama aliyefiwa yuko pale anasikiliza.

Atakuwepo wa kuniuliza: kwani majangili hawapangi? Wanapanga, tena sana. Basi ikiwa mwandishi anajua kuna mtu aliyewatuma, aseme ‘walitekeleza amri ya fulani’. Hapo neno limekaa mahali pake, na hiyo ndiyo habari yenyewe. Asiyejua aliyewatuma asikidokeze kitu hicho kwa uzembe wa kitenzi.

Kiswahili hakina upungufu hapa. Walivamia, waliua, waliiba: nomino ‘uvamizi’ haihitaji kubebwa mgongoni na kitenzi kingine. Ukitaka neno la jumla, lipo ‘tenda’, ambalo hukubali mema na mabaya: kutenda haki, kutenda jinai. Wahenga walipoonya kwamba mtenda hutendewa, hawakuazima kokote.

(‘Fanya’ nalo limelemewa, ila madhara yake ni madogo. ‘Shule imefanya vyema’, yaani watahiniwa wake wamefaulu, haimuumizi mtu. ‘Gavana ameperform’ tuwaachie wanasiasa.)

Ajabu ni kuwa wasemaji wa kawaida hawana tatizo hili. Katika soko la mifugo mjini Isiolo, mtu atakwambia: “Wezi walikuja usiku, wakabeba ng’ombe zote.” Hiyo ‘zote’ itamkera mwalimu wa sarufi, na ana haki. Vitenzi, hata hivyo, ni sahihi kuliko vya mhariri.