Kazimoto na Ukweli Asioweza Kuukabili: Kuisoma Upya Kichwamaji

Tangu enzi za Ujamaa, riwaya za mwanzo za Euphrase Kezilahabi zimeshutumiwa kwa kueneza fikra za kukata tamaa. Shutuma hiyo ina msingi: katika Rosa Mistika (1971) na Kichwamaji (1974), mhusika mkuu anajiua. Hata hivyo, inachanganya mambo mawili, yaani uamuzi wa mhusika na msimamo wa kazi nzima. Makala haya yanadai kwamba Kichwamaji haitetei kukata tamaa, bali inachunguza jinsi mtu anavyoweza kuyakwepa maisha kwa kutumia akili yake mwenyewe.

Kazimoto ni mwanafunzi wa chuo kikuu anayerudi nyumbani Ukerewe. Manase, aliyekwisha kupanda cheo, amempa mimba Rukia, dada yake Kazimoto, na masaibu ya Rukia yanaishia kaburini. Kazimoto anaazimia kulipiza kisasi kupitia kwa Sabina, dada yake Manase, lakini azma hiyo inageuka kuwa mapenzi na hatimaye ndoa. Matukio haya ni tofauti kwa sura tu. Kila hali chungu inapomfika, Kazimoto hutafuta pa kuhamia: msiba anauhamishia kwenye kisasi, upweke kwenye ndoa, na yale yasiyohamishika anayageuza kuwa hoja za kifalsafa. Huzuni haiachi ibaki kuwa huzuni.

Jina la riwaya linapata uzito wake hapa. Kichwamaji ni maradhi ya mtoto, lakini pia ni lawama kwa mtu ambaye akili yake haimfai kitu. Mtoto wa Kazimoto anapozaliwa na kichwa kisicho cha kawaida, msomi huyu anakutana na jambo lisilojadilika. Linahitaji kubebwa, si kuelezwa. Naye, aliyezoea kueleza, anajitoa uhai.

Wahakiki wamezoea kuihusisha riwaya hii na udhanaishi, hasa wa Albert Camus. Uhusiano huo husahau jambo moja la msingi: katika Le Mythe de Sisyphe (1942), Camus anakataa kujiua, kwa kuwa kunalikimbia tatizo badala ya kulikabili. Kwa kipimo hicho, Kazimoto si shujaa wa falsafa hiyo. Amelifikia swali lake, akashindwa kuishi nalo.

Je, riwaya inamwonyesha anayeweza? Usimulizi wa nafsi ya kwanza unalifanya jibu kuwa gumu. Msomaji amefungwa ndani ya fikra za Kazimoto, na Sabina anasikika kupitia kwa mumewe tu. Lakini mtoto ni wa Sabina pia, na mimba aliibeba yeye. Uchungu uleule unaomwangusha msimulizi umempata mtu ambaye riwaya haikumpa nafasi ya kuusimulia. Huu ndio upungufu halisi wa Kichwamaji, nao ni tofauti na ule unaotajwa na wanaoishutumu. Si kwamba riwaya inasema maisha hayawezekani. Ni kwamba imemkabidhi usimulizi mtu wa kukimbia, ikamwacha kimya anayelazimika kuukabili ukweli uliopo. Uhakiki unaoishia kwenye kifo cha Kazimoto unaurudia ukimya huohuo.