Mzigo wa Kubebeka

Kabla msafara haujaondoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, Tabora ya leo, kulikuwa na kazi ambayo wasimulizi wa safari huipita upesi: kufunga mizigo. Vitambaa, shanga na nyaya za shaba vilipimwa kwa frasila, vikakazwa kwa kamba, hata mzigo mmoja ukawa wa kilo 30 hivi, kadiri ya bega la mpagazi wa Kinyamwezi. Fundi wa kufunga hakuitupa mali ya tajiri, aliipanga ikabebeka. Mzigo uliofungwa ovyo ulimwagika njiani.

Fundi huyo hunijia akilini kila nipitapo chini ya miembe ya Tabora na rasimu ya kipeperushi cha saratani mkobani. Elimu hii nayo imesafiri mbali, na bega linaloingoja ni la mama wa Sikonge au Urambo, ambaye nyumbani husema Kinyamwezi, na Kiswahili chake ni cha sokoni na cha redio.

Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Uchunguzi wake hauna makuu: muuguzi hupaka asidi ya siki iliyozimuliwa, husubiri dakika moja hivi, kisha hutazama. Panapogeuka peupe ndipo penye shaka. Sasa soma kipeperushi nilichowahi kukabidhiwa nikisanifu: “Majibu chanya ya uchunguzi yanahitaji ufuatiliaji.” Mtaalamu hawezi kulikosoa hata neno moja. Lakini kwa msikilizaji wa redio, chanya ni heri: mtazamo chanya, mabadiliko chanya. Mama atamshukuru Mungu, atajifunga kanga, atakwenda zake shambani.

Tukaifungua kamba, tukaifunga upya: “Muuguzi ameona doa jeupe. Doa peke yake halimaanishi kwamba una saratani. Huenda ni mwanzo wa mabadiliko ambayo, yakiachwa miaka mingi, yanaweza kuwa saratani. Mara nyingi doa hutibiwa siku hiyohiyo. Usiondoke kabla hujaongea na muuguzi.” Maneno yameongezeka, mzigo umepungua. Ndiyo siri ya kazi hii: wepesi hauhesabiwi kwa maneno.

Picha nazo zina mitego yake. Mji wa mimba ukichorwa peke yake, na mirija yake miwili kulia na kushoto, kwa mfugaji ni kichwa cha ng'ombe na pembe zake. Mchore kwanza mwanamke mzima, amesimama, kisha onyesha ndani yake. Hata maneno “kuchomwa mionzi” huwasha moto kichwani mwa mgonjwa kabla hajapanda basi kwenda Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, safari ya kilomita zaidi ya 800. Mwambie atalala chini ya mashine, kama mtu anayepigwa picha ya kifua. Hataona mwali, na mionzi ikipita hatasikia maumivu. Mwambie pia kwamba ngozi inaweza kubabuka baada ya wiki kadhaa. Kumficha hilo ni kumwibia.

Tena mzigo hukaguliwa njiani. Chanjo ya kirusi cha HPV, kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, ilipoanza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, msichana wa miaka 14 alihitaji sindano mbili. Mwaka 2024 ikawa moja tu, kwa wa miaka 9 hadi 14. Karatasi ya zamani ikibaki ukutani, itamsumbua mzazi bure kwa lugha nyepesi kabisa.

Mwisho nina mtihani mmoja. Namsomea mama kipeperushi, nakificha, namuuliza: “Ukifika nyumbani, mdogo wako utamwambiaje?” Siku moja, kwenye benchi la zahanati, mmoja alifikiri kidogo akanijibu: “Nitamwambia ni kama mchwa kwenye nguzo. Nyumba haijaanguka, lakini huwezi kulala ukawaacha.”

Nilikuwa nimeihangaikia aya ile ya doa jeupe wiki nzima. Nilitoa kalamu, nikaifuta sentensi yangu moja, nikamwomba anitajie tena ile yake, polepole, niiandike.