Msumari Juu ya Udongo Mbichi

Buli la Rengetsu, mtawa na mshairi wa Japani, ni dogo, linaenea kiganjani. Ukilitazama kwa karibu unaziona alama za vidole: hapa gumba limebonyeza, pale udongo umevutwa ukabaki na kibonde. Hakutumia gurudumu. Na tumboni mwa chombo, shairi zima limechorwa kwa ncha kali kabla udongo haujakauka.

Niliwahi kulijaribu jambo hilo kwa msumari na donge la udongo, niandike jina langu tu. Udongo ukiwa mbichi mno, herufi zinajifukia zenyewe nyuma ya mkono. Ukiuacha ukauke, unamegeka kando ya kila mkwaruzo. Katikati kuna muda mfupi ambao udongo unakubali, na ukikosea hakuna kufuta. Jina lilinishinda. Yeye aliandika silabi 31.

Hiyo ndiyo waka, shairi la Kijapani: vipande vitano, mizani 5, 7, 5, 7, 7, vina havitafutwi. Sisi tuliolelewa kwa mizani nane nane, kina cha kati na cha mwisho, tunaweza kudhani ni shairi lililokatishwa njiani. Lakini lina urefu wa pumzi moja, na pumzi moja ndiyo inayotosha kulizungusha buli mkononi. Tena aliandika zaidi kwa kana, herufi ambazo kila moja ni silabi, kwa hiyo aliyehesabu mizani alikuwa pia anapima nafasi iliyobaki kabla ya kufika kwenye mkono wa buli. Mwandiko wake ni mwembamba, hauna haraka, wala hauonyeshi kwamba chini yake palikuwa na tope.

Otagaki Rengetsu alizaliwa Kyoto, Japani, mwaka 1791, akalelewa na baba wa kupanga aliyefanya kazi katika hekalu la Chion-in. Usichanani alipelekwa kuhudumu katika ngome ya Kameoka. Aliolewa mara mbili, na watoto aliowazaa wakafa wangali wadogo. Mume wa pili alipofariki mwaka 1823, alinyoa nywele akawa mtawa wa Kibudha, akachukua jina hilo la Rengetsu, yaani mwezi wa yungiyungi. Baba yake naye akanyoa. Wakaishi pamoja hekaluni, hadi mzee alipofariki mwaka 1832.

Ufinyanzi ulianza hapo, na sababu yake haina utukufu wowote: alihitaji kula. Mfinyanzi hulia gaeni, wasemavyo wahenga, naye vyombo vyake vizuri viliishia kwa wanywaji wa sencha, chai ya majani iliyopendwa na wasomi wa mji. Mimi nampendea hapo hasa. Tumezoea kumfikiria mtawa akiwa ameketi kimya mlimani, mikono safi, dunia ameiacha bondeni. Huyu alikuwa na udongo kwenye kucha na mabuli yanayosubiri tanuri. Kama kulikuwa na tafakuri, na naamini ilikuwapo, ilipita vidoleni kwanza.

Sifa zilimletea wageni, na wageni wakamletea makelele. Dawa yake ilikuwa kufunga virago. Alihama mara nyingi mno hata watu wakamtania kwa jina la Rengetsu wa kuhamahama. Tomioka Tessai, aliyekuja kuwa mchoraji mashuhuri, aliishi naye ujanani akimsaidia kazi. Mwishowe, mwaka 1865, bibi huyo alikwenda Nishigamo, pembezoni kaskazini mwa Kyoto, akapewa chumba cha chai katika hekalu la Jinko-in. Mashairi yake hayahubiri. Yanashughulika na vitu vilivyo karibu na mlango: upepo wa misonobari, maua ya mcheri, theluji, mwezi juu ya kibanda. Diwani yake iliitwa Ama no karumo, na jina lenyewe ni fumbo la kuchekesha kidogo, kwani ama ni mtawa wa kike na ama vilevile ni mwanamke mzamiaji wa baharini, na karumo ni mwani uliokatwa. Umri wote wa ushairi, akauita mwani wa kukatwa.

Alifariki hapo Jinko-in mwaka 1875.

Wakati wa uhai wake vyombo vyake viliigwa sana. Inasimuliwa kwamba hakuwashtaki waigaji. Aliwachorea mashairi kwenye mabuli yao, nao wapate kuuza. Uzeeni alishirikiana na mfinyanzi Kuroda Koryo: mmoja anafinyanga, mwingine anaandika. Bibi alipofariki, Koryo aliendelea kutengeneza vyombo vya aina hiyohiyo, akijulikana kama Rengetsu wa pili. Ndiyo maana hadi leo wajuzi hulipindua buli, wakalichungulia kitako, wakafuata mkwaruzo mmoja mmoja kwa kioo cha kukuzia, na bado wakabishana ni mkono wa nani.