Kupima Ubora wa Sare ya Sataranji

Sare ya sataranji humpa kila mchezaji nusu pointi, iwe imetoka jasho au la. Kwa hiyo ubora wake hutafutwa kwenye hatua zilizoifikisha hapo. Kati ya wachezaji wa klabu, sare nzuri ni ile ambayo angalau mmoja aliutaka ushindi kwa dhati, na mwenzake akamnyima.

Cha kwanza kutazamwa ni jinsi mchezo ulivyokwisha. Wawili wakipeana mikono baada ya hatua kumi na tano, kete karibu zote zikiwa bado ubaoni, hakuna cha kupima. Ndiyo maana waandaaji wa mashindano ya Sofia mwaka 2005 walikataza sare za makubaliano. Mkao uliojirudia mara tatu unahitaji jicho zaidi. Huenda ni uvivu, huenda pia ni mchezaji aliyezidiwa kete aliyegundua kwamba malkia wake peke yake anaweza kumtishia mfalme bila kikomo. Ugunduzi huo unastahili sifa kamili.

Kipimo kikali ni ngome na askari dhidi ya ngome tupu. Mwaka 1777 Mfaransa Philidor alionyesha ulinzi wake. Mfalme anayejilinda husimama mbele ya askari, na ngome yake hukaa safu ya tatu kutoka ukingo wa upande wake, ikimzuia mfalme wa adui asipite. Askari akiingia safu hiyo, ngome hukimbilia mwisho wa pili wa ubao na kumtishia mfalme kwa nyuma. Sasa mfalme hana pa kujificha, maana maficho yake yamekaliwa na askari wake mwenyewe. Ngome ikiondoka mapema, maficho hayo yangali wazi na ulinzi huwa mgumu. Ikichelewa hata zamu moja, mchezo unaweza kupotea. Mchezaji wa klabu anayeipatia zamu hiyo huku saa yake ikikaribia kuisha amecheza vizuri kweli.

Tathmini ya kompyuta itumike kwa tahadhari. Sifuri mwanzo hadi mwisho yaweza kumaanisha tu kwamba hakuna aliyethubutu. Katika mchezo wa sita wa fainali ya dunia ya 2018 jijini London, Caruana alipitwa na ushindi ambao kompyuta iliuona dhidi ya Carlsen, na sare ile bado ni ya kusomwa.

Adabu nayo huhesabiwa: sare hupendekezwa baada ya kusogeza kete, kabla ya kubonyeza saa, na likikataliwa, pendekezo halirudiwi kila zamu.