Simbilisi wa Andes, Kuku wa Asia

Vitabu vingi vya picha vya watoto wadogo huanza na simba, tembo na twiga, kisha huruka hadi kwa dubu mweupe na pengwini. Mtoto wa miaka minne wa Kamembe, wilayani Rusizi, Rwanda, huwatazama wote kwa macho yaleyale. Simba hajamwona, dubu hajamwona. Wote kwake ni rangi juu ya karatasi. Hapo ndipo kazi ya mwalimu wa chekechea inapoanza, nayo ni kazi ya ufundi inayostahili sifa nyingi kuliko inazopewa.

Mwalimu hodari huanzia uani. Kuku anayeparua chini ya mgomba ana asili yake katika misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki, ambako kuku-mwitu mwekundu anawika hadi leo. Bata mzinga alitoka Amerika ya Kaskazini. Na ng'ambo ya Mto Rusizi, katika vijiji vya Kivu Kusini, yupo simbilisi, anayefugwa jikoni na kulishwa majani na maganda, mara nyingi na watoto wenyewe. Watu wa milima ya Andes, Amerika ya Kusini, ndio waliomfuga kwanza, maelfu ya miaka iliyopita. Mtoto aliyempakata simbilisi amekwisha kuisikia mikononi mwake Amerika ya Kusini, yenye joto na moyo unaokwenda mbio, kabla hajajua ramani ni nini.

Basi mwalimu huuliza. Ana mkia? Anakula nini? Akiogopa analiaje? Kutoka hapo safari ya kwenda kwa kapibara ni fupi. Huyu ni jamaa ya simbilisi anayeishi kando ya mito ya Amerika ya Kusini, mkubwa kuliko wote katika ukoo wa panya duniani. Uzito wake unaweza kupita kilo 50: watoto watatu wa darasa hilo wakipanda mizani pamoja, huenda bado akawazidi. Kapibara hahitaji tena kuelezwa kwa maneno mengi. Mtoto anamjua ndugu yake mdogo.

Ziwani nako kuna somo. Sambaza, samaki wadogo wanaokaangwa mjini, hawakuwa wa Ziwa Kivu tangu zamani. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo wavuvi huwafuata usiku kwa taa, mitumbwi ikiwa imefungwa mitatu mitatu kwa miti mirefu. Angani, kati ya Oktoba na Aprili, hupita mbayuwayu waliozaliwa chini ya mapaa ya Ulaya. Dunia haikai mbali na Rusizi kama vitabu vinavyodokeza.

Lakini wapo wanyama wasio na jamaa uani, na hao ndio wanaompima mwalimu. Nyangumi wa buluu huweza kufikia mita 30. Kwa mtoto asiyejua kuhesabu, namba hiyo ni kelele tu. Mwalimu mwenye akili huchukua kamba, akaitandaza uwanjani mita 30 kamili, akawalaza watoto kandokando yake, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule. Watahitajika karibu 30 ili kuifikia ncha. Pengwini mkubwa wa Antaktiki huchorwa ukutani kwa mkaa, kimo cha mita moja na ushee, na kila mtoto hupita kusimama mbele yake. Wengi huondoka wamepitwa kimo na ndege. Kamba na mkaa: sijui vifaa vya bei nafuu zaidi, wala vinavyofundisha zaidi.

Wazee wa Rwanda walikuwa na njia yao ya kumleta mnyama karibu na mtoto. Kila ukoo ulikuwa na mnyama wake: Abazigaba chui, Abega chura, Abasinga mwewe, Abagesera ndege mdogo anayetikisa mkia aitwaye inyamanza. Mtoto alifundishwa kumheshimu mnyama huyo kama mtu wa nyumbani, na heshima hiyo ilikaa ndani zaidi kuliko jina lolote lililokaririwa.

Ufundi huu unadai ukweli pia. Katika wilaya hiihii ya Rusizi, ndani ya Cyamudongo, kipande kidogo cha Hifadhi ya Nyungwe kilichozungukwa na mashamba, sokwe bado wapo, na watoto hupenda kuuiga mlio wao unaoanza kwa pumzi za chini na kupanda hadi ukelele. Tembo je? Wa mwisho wa Nyungwe aliuawa mwaka 1999. Mwalimu asiwafiche watoto jambo hilo. Awaambie na lingine: Juni 2019 faru weusi watano, wote wazaliwa wa Ulaya, waliletwa kwa ndege kutoka Ucheki hadi Rwanda, wakapelekwa Hifadhi ya Akagera.

Maswali yatakayofuata ni ya kikazi kabisa. Aliingiaje kwenye ndege? Alifungwa? Mwalimu aliyejiandaa ataeleza kwamba kila faru alisafiri ndani ya kreti lake, kisha atawagawia udongo wa mfinyanzi wamfinyange: mdomo wa juu uliochongoka wa kushikia majani, pembe mbili, moja nyuma ya nyingine. Atakayempa pembe moja atarudishwa kwenye picha akatazame upya.