Kiboko Amefika, Kiboko Kimekatika: Kuipima Lugha ya Programu kwa Klasi na Violesura Vyake

Sikiliza sentensi hizi mbili. Kiboko amefika mtoni. Kiboko kimekatika mkononi. Neno ni lilelile, herufi kwa herufi, na kiambishi chake ni ki- kilekile. Hata hivyo hakuna msemaji wa Kiswahili atakayechanganya mnyama na mjeledi. Kinachowatenganisha hakimo ndani ya nomino. Kimo kwenye upatanisho. Sarufi za zamani zilizipanga nomino kwa kutazama kiambishi cha mwanzo, yaani umbo lake. Sarufi nyingi zinazofundishwa leo huziita ngeli A-WA, KI-VI, LI-YA, kwa kufuata jinsi nomino inavyoitawala sentensi. Kwa mpango huu wa pili kiboko wa mtoni, kijana, kipofu na kifaru wamekaa pamoja na mtu na mkulima, na hakuna aliyebadilishwa umbo ili aingie humo.

Nikipewa lugha ya programu nisiyoijua, jambo la kwanza ninalolitafuta ndani yake ni hilo. Je, inaniruhusu kusema kitu kimeumbwaje bila kunilazimisha, kwa tamko hilohilo, kusema kinatumikaje? Klasi ni umbo: data inayobebwa, msimbo ulioandikwa ndani yake, na kile kilichorithiwa kutoka klasi mama. Kiolesura ni upatanisho: orodha ya methodi ambazo kitu kinaahidi kuziitikia, bila neno lolote kuhusu namna kitakavyoziitikia. Lugha nyingi zinavyo vyote viwili. Ubora uko katika jinsi zinavyovihusisha.

Mwanzoni viliungwa kwa fundo moja. Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walipoiunda Simula 67 kule Oslo, klasi ndogo ilirithi msimbo wa klasi mama na papo hapo ikahesabiwa kuwa aina yake, ikubalike popote mama anapokubalika. Smalltalk ya Xerox PARC haikuwa na aina zinazokaguliwa na kompaila, lakini maktaba yake ilionyesha mapema fundo hilo linavyobana. Katika Smalltalk-80, klasi ya Dictionary iliwekwa chini ya Set kwa kuwa msimbo wa ndani ulifanana, ilhali mtumiaji wa kamusi hatarajii hata kidogo iwe na tabia za seti. Mwaka 1990 William Cook, Walter Hill na Peter Canning walichapisha makala ambayo jina lake pekee linatosha kuwa somo: walisema kurithi si sawa na kuwa aina ndogo. Mtu anaweza kurithi nyumba ya baba yake asirithi kazi yake. Lugha inayojifanya haijui hilo itamgharimu kila atakayeitumia.

Ukitaka kujua kama fundo limewabana wasanifu wenyewe, usisome matangazo yao. Fungua maktaba ya msingi. Java ilipotoka mwaka 1996 ilikuja na violesura vilivyotengwa na klasi, wazo lililotokana na protokali za Objective-C, na kwa hilo nawaheshimu sana waliolichagua: klasi moja ya kurithi, violesura vingi kadiri utakavyo. Lakini katika toleo lilelile waliiandika Stack kama mtoto wa Vector. Stack ni rundo la sahani: unaweka juu, unatoa juu. Vector ni safu ya viti, na unaruhusiwa kumwinua aliyeketi wa tatu au kumchomeka mgeni katikati. Kwa kuwa Stack ilirithi umbo, ilirithi na ruhusa zote hizo, na kompaila haina neno la kumwambia anayechomoa sahani katikati ya rundo. Properties nayo ilitokana na Hashtable, ikarithi methodi ya put inayopokea kitu chochote, wakati yenyewe imekusudiwa kubeba maandishi tu. Mpaka leo maelezo rasmi ya Stack yanamwelekeza msomaji atumie Deque, ambacho ni kiolesura, na Stack haiwezi kurekebishwa kwa kuwa programu za watu zimeitegemea jinsi ilivyo.

Kosa kama hilo nimelifanya mwenyewe. Niliandika programu ya kupokea risiti, nikataka kujua ni ngapi zilizoingizwa. Nikairithi HashSet, klasi ya seti katika Java, nikaiandika upya methodi ya add iongeze moja kwenye hesabu, na addAll iongeze idadi ya risiti zilizokuja kwa pamoja. Nikaingiza risiti tatu kwa mkupuo. Hesabu ikasoma sita. Nilipoteza mchana mzima kabla ya kugundua kwamba addAll ya klasi mama, kwa ndani, huiita add kwa kila kitu. Na add iliyoitwa ilikuwa yangu. Hapakuwa na kosa kwenye HashSet, wala hakuna ahadi iliyovunjwa. Nilikuwa nimejenga juu ya kitu ambacho hakuna aliyeniahidi, yaani mpangilio wa ndani wa msimbo wa mtu mwingine. Joshua Bloch alilieleza tatizo hilihili kwa mfano unaofanana sana na wangu katika kitabu chake Effective Java cha 2001, na ningekisoma kwa wakati ningeuokoa mchana ule.

Dawa yake inajulikana: acha kurithi, ibebe seti ndani ya klasi yako, tangaza kwamba unatimiza kiolesura cha Set, na kila methodi usiyotaka kuibadilisha ipeleke kwa seti ya ndani. Hapo addAll ya ndani itaita add ya ndani, na hesabu yangu haiguswi. Lakini angalia lugha inakutoza nini kwa uamuzi huo mzuri. Katika Java utaandika kwa mkono methodi zaidi ya kumi ambazo hazina la kusema ila kupokea na kupitisha, na kurithi, njia yenye hatari, kunaombwa kwa neno moja tu. Kotlin, iliyofikia toleo la kwanza mwaka 2016, iligeuza bei hizo. Neno by linatosha kuzipitisha methodi zote kwa kitu cha ndani, na klasi haiwezi kurithiwa mpaka mwandishi wake aandike open. Mimi hiki nakihesabu kipimo kikubwa kuliko vingi: lugha bora hufanya njia salama iwe ndiyo njia fupi, maana msanifu programu aliyechoka saa kumi na moja jioni atachagua iliyo fupi.

Sasa uliza nani anaruhusiwa kufunga uhusiano kati ya klasi na kiolesura, na lini. Katika Java na C# ni mwandishi wa klasi peke yake, tena siku anapoiandika. Ukibuni kiolesura leo, huwezi kukifunga kwenye klasi ya maktaba iliyoandikwa na mtu mwingine mwaka jana, hata kama ina kila methodi unayoihitaji. Inabidi uivalishe klasi nyingine juu. Sather, iliyobuniwa Berkeley mwanzoni mwa miaka ya 1990, ililiona hilo mapema. Ilitenga kabisa kuchukua msimbo na kuwa aina ndogo, kila kimoja na tamko lake, na ikakuruhusu kutangaza aina mpya ya juu kwa klasi ambayo tayari ipo. Leo wanaoijua ni wachache, nami nahuzunika kwa hilo, maana ilikuwa kazi safi.

Go, iliyotangazwa mwaka 2009 na Robert Griesemer, Rob Pike na Ken Thompson, ilikwenda mbali zaidi: haina tamko lolote. Kitu chenye methodi zinazotakiwa kimekwisha kutimiza kiolesura. Uzuri wake utauona kwenye io.Reader, kiolesura chenye methodi moja tu, Read. Faili linakitimiza, muunganisho wa mtandao unakitimiza, maandishi yaliyomo kwenye kumbukumbu yanakitimiza, na kifungua-gzip kinakipokea kwa mkono mmoja na kukitimiza kwa mkono mwingine, hivyo unaweza kuviunganisha kama mabomba. Sijaona kiolesura kidogo kuliko hicho kilichobeba mzigo mkubwa kuliko huo.

Ila jina si maana. Chukua kiolesura chenye methodi moja, paa. Klasi ya Ndege ina paa: anaruka juu. Klasi ya Mpishi nayo ina paa: anamwondoa samaki magamba. Go itawapokea wote wawili pale ulipotaka kirukacho, maana imetazama herufi na vigezo tu. Rust, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka Mei 2015, ilichagua katikati. Tamko lazima liwepo, lakini linakaa nje ya aina yenyewe na linaweza kuandikwa baadaye, mradi ama aina au kiolesura, ambacho wao hukiita traiti, kiwe cha kwako. Sharti hilo huwaudhi wanaoanza. Mimi nimeliheshimu zaidi kadiri nilivyolitumia, kwa sababu linazuia maktaba mbili zisizojuana zisije zikatoa majibu mawili kwa swali moja.

Na ikiwa kitu kimoja kinalazimika kutimiza violesura viwili vyenye paa zote mbili? Java inataka mwili mmoja uzitumikie zote, jambo lisilowezekana kwa mpishi na ndege. C# inakuruhusu kuandika miili miwili, kila mmoja chini ya jina la kiolesura chake. Eiffel ya Bertrand Meyer inakuruhusu kubadilisha jina wakati wa kurithi. Tatizo hili halijitokezi mara nyingi, lakini jibu lake linakuonyesha kama msanifu alilifikiria.

Ukubwa wa violesura nao unasema mengi. Kiolesura cha List katika Java kina methodi ya add. Mwombe Collections.unmodifiableList akupe orodha isiyobadilika, naye atakupa kitu kinachojiita List. Ukiita add kinatupa UnsupportedOperationException wakati programu inakimbia. Ahadi ilikuwa kubwa kuliko walivyoweza kuitimiza. Kotlin iliikata vipande viwili, List ya kusoma na MutableList ya kuandika, na kosa likahamia mikononi mwa kompaila. Ukiona methodi nyingi ambazo kazi yake ni kutupa kosa, jua kiolesura kilikatwa vibaya.

Kipimo kigumu kuliko vyote ni muda. Kiolesura kilichokwisha kutolewa kina watu waliokitimiza, na ukikiongezea methodi moja klasi zao hazitakusanywa tena na kompaila. Java ilibanwa na hilo kwa miaka mingi, mpaka Machi 2014 katika Java 8, walipotaka kuziongezea Collection na Iterable methodi kama stream na forEach. Wakakubali kiolesura kibebe msimbo wa akiba, utumike pale klasi isipokuwa na wake. Wapo waliolalamika kwamba mpaka kati ya klasi na kiolesura umefutika. Sikubaliani nao. Kiolesura bado hakina data ya kitu, na mgongano una kanuni zinazojulikana: mwili uliotoka kwenye klasi unashinda; usipokuwepo, kiolesura kilicho karibu zaidi kinashinda; ikishindikana, kompaila inakataa na kumtaka mwandishi aamue. Kiswahili kinasema rafiki yangu mkubwa amefika, yangu ikifuata umbo la nomino na amefika ikifuata uhai wa mtu, na hakuna anayekwama. Mchanganyiko haudhuru pale kila mmoja anapojua nani anatawala wapi.

Dart inafundisha kwa njia yake. Hapo mwanzo ilikuwa na violesura vya peke yake, kisha mwaka 2012 ikaviondoa na kusema kila klasi ni kiolesura pia: mtu yeyote akitaka aandike implements juu ya klasi yoyote na aitimize kwa msimbo wake. Wepesi ulikuwa mkubwa. Lakini kila mwandishi wa klasi akajikuta ametoa ahadi bila kujua. Akiongeza methodi moja kwenye klasi yake, anavunja msimbo wa mtu asiyemfahamu. Mei 2023, Dart 3 ikaleta maneno ya kuwekea mipaka: base kwa klasi inayorithiwa bila kuigwa, interface kwa inayoigwa bila kurithiwa, final kwa isiyoruhusu lolote kati ya hayo nje ya maktaba yake. Ilichukua zaidi ya miaka 10 mpaka mwandishi arudishiwe haki ya kusema alichokusudia.

Kuna sehemu ya ahadi ambayo lugha nyingi hazijagusa. Orodha ya methodi haisemi zitendeje. Barbara Liskov na Jeannette Wing waliiandika sehemu hiyo kwa makini mwaka 1994: aina ndogo inapaswa kulinda tabia ambazo mtumiaji wa aina kubwa anazitegemea. Eiffel inakuruhusu kuyaandika masharti hayo ndani ya msimbo, mtoto akilegeza anachodai na kukaza anachotoa. Kwingineko tunategemea maelezo ya maandishi. Ndiyo maana nikifungua maktaba yenye klasi iliyo wazi kurithiwa, natafuta kwanza mahali panapoeleza methodi ipi inaiita ipi. Nisipopaona, kitu hicho nakibeba ndani ya klasi yangu na sikirithi.